Kupima nguvu ya lenzi bandia ya jicho kwa leza, maji na kioo cha dirisha

Mtu anapofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi yake iliyoingia ukungu hutolewa na mahali pake huwekwa lenzi ndogo ya plastiki. Sehemu ya kuonea ina kipenyo cha milimita 6 hivi. Ukiipima pamoja na mikono yake miwili myembamba inayoishikilia ndani ya jicho, inafika milimita 12 au 13. Kwenye boksi lake kuna namba inayoamua mgonjwa ataonaje: nguvu ya lenzi kwa dayopta, kwa mfano +21.0 D. Lenzi hizi kwa kawaida hupishana kwa nusu dayopta. Kosa la dayopta moja ndani ya jicho linahitaji karibu dayopta 0.7 kwenye miwani ili lirekebishwe, na mama anayeshona nguo au kuchambua maharage atalihisi kila siku.

Namba hiyo inaweza kukaguliwa. Hapa Bukavu unaweza kuikagua kwa leza ndogo ya betri, sanduku la kioo lenye maji, kipande cha kioo cha dirisha na rula, na ukifanya kazi kwa utulivu utafikia usahihi wa karibu nusu dayopta. Nawaandikia walimu wa fizikia, wanafunzi wa vyuo vyetu na mafundi wanaotunza vifaa vya hospitali, kwa sababu nina hakika kwamba anayeshika lenzi kila siku anapaswa kujua namba yake inatoka wapi.

Lakini jambo moja lieleweke kabla hujagusa chochote: lenzi uliyoipima hapa haiingii tena ndani ya jicho la mtu, hata ikitoa namba safi kiasi gani. Ukifungua pakiti yake, usafi wake wa upasuaji umekwisha. Tumia lenzi zilizopitisha tarehe au zilizofunguliwa zikaharibika. Ziombe kwa daktari wa macho kwa barua, naye akuandikie kwamba zimetolewa kwa mafunzo. Tia alama ya kalamu nyekundu kwenye kila boksi siku hiyohiyo, ili lisije likarudi kabatini kwa bahati mbaya.

Kwa nini ndani ya maji

Namba ya kwenye boksi si nguvu ya lenzi iliyo juu ya meza. Ni nguvu yake ikiwa ndani ya jicho, imezungukwa na majimaji ambayo kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.336, kwenye joto la nyuzi 35. Hewa ina kiwango cha 1 tu. Lenzi hupinda mwanga kwa kadiri inavyotofautiana na kile kinachoizunguka, kwa hiyo lenzi ileile ya akriliki ngumu, PMMA, yenye kiwango cha 1.49 na nguvu ya dayopta 20 ndani ya jicho, inakuwa na zaidi ya dayopta 63 hewani. Fokasi yake, yaani mahali miale inapokutana, inaangukia chini ya milimita 16 kutoka kwenye lenzi.

Watu wengi huanzia hewani kwa sababu ni rahisi, na hapo ndipo hesabu inapowaponyoka. Ili kutoka namba ya hewani kwenda namba ya jichoni, lazima ujue kiwango cha plastiki yenyewe kwa uhakika mkubwa. Ukikosea kwa 0.01 tu, ukaandika 1.50 badala ya 1.49, jibu linahama kwa asilimia 4, yaani karibu dayopta nzima kwa lenzi ya kawaida. Ndani ya maji, ambayo kiwango chake ni 1.333, tayari uko karibu na hali ya jicho. Marekebisho yanayobaki ni asilimia 2 hivi, na kosa lilelile la 0.01 halikusogezi hata kwa sehemu ya kumi ya dayopta. Maji yanabeba sehemu ngumu ya kazi.

Historia yenyewe inathibitisha uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Novemba 1949, kwenye hospitali ya St Thomas' jijini London, Harold Ridley alimpandikizia mgonjwa lenzi bandia ya kwanza. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za vita, vilivyoingia machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuliwasha jicho, akachagua plastiki hiyohiyo. Umbo la lenzi lilifuata lenzi ya asili ya binadamu. Ila plastiki hupinda mwanga zaidi kuliko lenzi ya asili, na mgonjwa akabaki na uoni wa karibu wa takriban dayopta 18. Upasuaji ulifaulu, namba ikakataa.

Vifaa

Leza: tafuta ya kijani ya nanomita 532, isiyozidi miliwati 1, iliyoandikwa daraja la 2. Kanuni ya kimataifa ya lenzi hizi, ISO 11979-2, hupima kwa mwanga wa nanomita 546, na kijani hiki kiko jirani kabisa. Leza nyekundu ya nanomita 650 inafaa kwa mazoezi, ila itakupa nguvu iliyo pungufu kwa karibu robo dayopta kwa PMMA, kwa kuwa mwanga mwekundu hupindwa pungufu kuliko wa kijani.

Sanduku la kioo: fundi wa vioo wa Kadutu au Nyawera atakukatia na kukuunganishia kwa silikoni. Mwambie urefu sentimita 45, upana 10, kimo 12, kioo cha milimita 4. Sisitiza kuta mbili za mwisho zisimame wima na zitazamane sawasawa, na ziwe kioo kisicho na mawimbi. Mwombe pia kipande cha ziada cha kioo hichohicho cha milimita 4, sentimita 5 kwa 5. Hicho ndicho moyo wa benchi letu, yaani mpangilio wote wa kupimia, utaona kwa nini.

Maji: nunua maji ya betri kwenye maduka ya vipuri vya magari. Soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri. Yachemshe, yafunike, yaache yapoe hadi kesho yake ili hewa iliyoyeyuka itoke. Usipofanya hivyo vipovu vitajishika kwenye lenzi na kutawanya mwanga. Maji ya ziwa au ya bomba yana chumvi na vumbi, yanaacha madoa juu ya lenzi.

Vingine: karatasi ya kalke (nyembamba, inayopitisha mwanga), karatasi ya milimita, rula ya chuma ya sentimita 50, kibano kisicho na meno, karatasi nyeusi, simu yenye kamera na kitu cha kuisimamishia.

Usalama wa macho yako

Itakuwa aibu kuharibu jicho zima kwa ajili ya lenzi bandia. Leza za kijani za bei ndogo hutengeneza kijani chake kutokana na mwanga usioonekana wa nanomita 1064, na baadhi hazina kichujio cha kuuzuia usitoke. Kwa hiyo usiamini mwangaza unaouona peke yake. Benchi likae chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi au aliyesimama, miale yote iishie kwenye karatasi nyeusi, saa na pete zivuliwe, watoto wasiwemo chumbani. Hakuna anayeinama kuangalia fokasi kwa jicho lake. Kamera ndiyo inayoangalia.

Hatua ya 1: Pata miale miwili kutoka leza moja

Simamisha kile kipande cha kioo wima, kikiwa kimegeuzwa nyuzi 45 kuelekea leza. Sehemu kubwa ya mwanga itapita moja kwa moja. Izuie hapohapo kwa karatasi nyeusi. Sehemu ndogo itaakisiwa na uso wa mbele wa kioo, na sehemu nyingine ndogo na uso wa nyuma. Inatoka miale miwili iliyo sambamba, yenye mwanga unaokaribia kulingana, na kwa kioo cha milimita 4 umbali kati yake ni karibu milimita 3. Hii si bahati nzuri tu: ISO hupima lenzi kupitia tundu la milimita 3, na miale yako itapita kwenye kingo za tundu hilo hasa. Pembeni utaona vidoa vingine hafifu vya mwanga uliorudi mara nyingi ndani ya kioo. Viache.

Zungusha leza polepole ndani ya kishikizo chake. Kuna upande ambapo vidoa vinang'aa zaidi, kaza hapo.

Sasa kagua usambamba. Pima umbali kati ya vidoa viwili kwenye karatasi iliyo sentimita 20 kutoka kwenye kioo, kisha kwenye ukuta ulio mbali mita 3. Visipolingana, kioo chako si bapa kwa pande zote mbili. Jaribu sehemu nyingine ya kipande hicho au kipande kingine. Usipite hatua hii kwa haraka, kwa sababu umbali huu, tuuite d, utaingia kwenye kila jibu. Kosa la asilimia 2 kwenye d ni kosa la asilimia 2 kwenye dayopta.

Hatua ya 2: Panga sanduku

Jaza maji. Bandika karatasi ya kalke nje ya ukuta wa mwisho, na juu yake ukanda wa karatasi ya milimita. Elekeza miale miwili ipite katikati ya ukuta wa mbele. Ukuta huo utarudisha vidoa hafifu. Geuza sanduku taratibu hadi virudi palepale vilipotoka. Hapo miale inaingia kwa nyuzi 90 na ukuta, na maji hayaipindi.

Bila lenzi bado, pima d kwenye kalke. Ifanye mara kadhaa, kwa picha, na uchukue wastani. Bandika rula ya chuma kwenye ukingo wa juu wa sanduku.

Hatua ya 3: Shika lenzi

Kata vipande viwili vya plastiki nyembamba na ngumu, kama ile ya kadi ya simu, na kila kimoja kitoboe tundu la milimita 7. Mikono ya lenzi ibanwe katikati ya vipande hivyo, sehemu ya kuonea ibaki wazi ndani ya tundu bila kuguswa. Kibano kishike mkono wa lenzi tu, kamwe kisiguse uso wake. Lenzi za PMMA huvunjika mikono kwa urahisi. Zile laini zinazokunjwa huchanika.

Kuna lenzi laini zinazohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi kwenye kichupa chake. Hizo zimenyonya maji, na zikikauka husinyaa na nguvu yake hubadilika. Zihamishe kutoka kichupani hadi sandukuni bila kuchelewa.

Funga kishikizo kwenye kijiti kinachoning'inia kutoka kwenye daraja dogo la ubao linaloteleza juu ya sanduku. Ukiona kipovu juu ya lenzi, kiondoe kwa kumwagia maji kwa bomba la sindano.

Hatua ya 4: Chukua vipimo

Zima taa. Umeme ukikatika usiku ule, kazi haisimami: leza ni ya betri, na giza ndilo unalolihitaji.

Weka lenzi milimita 100 kutoka kwenye ukuta wa mwisho. Miale itakuwa imekutana kwenye fokasi, ikapishana, ikaanza kuachana tena kabla ya kufika kwenye kalke. Piga picha ya vidoa viwili, simu ikitazama kalke moja kwa moja bila kuinama. Sogeza lenzi hadi 120, kisha 140, hadi 300. Kila mara piga picha, andika namba.

Vidoa vitakuwa vinanenepa kadiri lenzi inavyokwenda mbali, na kukisia katikati ya kidoa kinene ni kazi ya kubahatisha. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa kidoa kimoja hadi ukingo wa kushoto wa kingine, kisha kulia hadi kulia, uchukue wastani. Vidoa vyote viwili vikihamia upande mmoja kwa pamoja, lenzi haiko katikati kabisa. Umbali kati yao hauharibiki kwa hilo. Ila kidoa kimoja kikiwa duara na kingine kimechoreka mkia, lenzi imeinama au miale inagusa ukingo wake. Rekebisha kishikizo uanze upya.

Hatua ya 5: Grafu

Chora mahali pa lenzi kwenye mhimili wa ulalo, umbali kati ya vidoa kwenye mhimili wa wima. Nukta zitapanga mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ni d ukigawa kwa umbali wa fokasi ndani ya maji.

Huu ndio uzuri wa njia hii, na ndiyo sababu naipendelea kuliko kutafuta fokasi yenyewe kwa kukodolea nukta ndogo ya mwanga. Mteremko haujali lenzi imeanzia wapi hasa. Haujali unene wa ukuta wa sanduku, kwa kuwa ukuta unaongeza kiasi kilekile kwenye kila kipimo na mstari mzima unapanda bila kuinama zaidi. Haujali kama rula imebandikwa milimita 5 kando. Unachohitaji kukijua vizuri ni d na hatua ulizosogeza, basi.

Maabara kubwa zinatafuta kitu hichohicho kwa ustadi mwingine. Watafiti wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, akiwemo Ilko Ilev, walitengeneza njia ambamo mwanga wa leza hutoka kwenye ncha ya uzi mwembamba wa kioo, hupita kwenye lenzi, hugonga kioo cha kuakisi na kurudi. Ncha ya uzi ni ndogo mno, hivyo mwanga hurudi kwa wingi ndani yake pale tu kioo cha kuakisi kinaposimama kwenye fokasi hasa. Unasogeza kioo, unasoma kilele. Macho ya mpimaji hayaamui chochote, na hilo ndilo tunalolifuatilia na sisi kwa grafu yetu.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuseme d ni milimita 3.02. Lenzi ikiwa kwenye 100, vidoa vimeachana milimita 2.0; ikiwa kwenye 300, milimita 11.6, na nukta za katikati zimekaa vizuri kwenye mstari. Mteremko ni 9.6 gawa kwa 200, yaani 0.048. Umbali wa fokasi ndani ya maji ni 3.02 gawa kwa 0.048, sawa na milimita 62.9. Nguvu ndani ya maji ni 1333 (kiwango cha maji, 1.333, mara 1000 kwa kuwa tunapima kwa milimita) gawa kwa 62.9, yaani dayopta 21.2.

Sasa toka kwenye maji uende kwenye jicho. Chukua kiwango cha plastiki utoe 1.333, ugawe kwa kiwango hichohicho ukitoa 1.336. Kwa PMMA ni 0.157 kwa 0.154, karibu 1.02. Kwa akriliki laini yenye kiwango cha 1.55 ni 1.014, kwa ile inayonyonya maji, yenye 1.46, ni 1.024. Gawa: 21.2 kwa 1.02 ni 20.8. Boksi linasema 21.0. Tofauti ni 0.2.

Je, ni nzuri? ISO inaruhusu kosa la dayopta 0.3 kwa lenzi hadi 15, 0.4 kwa zilizozidi 15 hadi 25, 0.5 hadi 30, na 1.0 kwa zilizozidi 30. Benchi letu lenyewe lina mashaka ya karibu 0.4 hadi 0.5, yakitoka zaidi kwenye d na kwenye kingo za vidoa. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba lenzi hii imefaulu kwa ISO. Unaweza kusema kwamba kipimo chako hakipingani na boksi, na kwamba ndani yake hamna lenzi ya 18 wala ya 24. Andika hivyohivyo kwenye daftari, pamoja na mashaka yake. Kuna na kosa dogo lisilo lako: miale inayopita mbali na katikati ya lenzi ya kawaida hupindwa zaidi kidogo, na hapa huongeza kama sehemu moja ya kumi ya dayopta. Joto nalo lina neno lake, maana maji ya chumbani Bukavu yako karibu na nyuzi 20, si 35.

Hatua ya 7: Linganisha lenzi mbili

Ukiwa na lenzi mbili za plastiki moja, tuseme 18.0 na 22.0, zipime usiku uleule bila kugusa leza wala kioo. Gawa mteremko wa pili kwa wa kwanza. Jibu linatakiwa kuwa 1.22, kwa sababu 22 kwa 18 ni 1.22. Hapo d imejifuta yenyewe na kosa lake limekwenda nayo. Kama una muda wa kufanya hatua moja tu na wanafunzi, ifanye hii.

Lenzi za kurekebisha jicho lenye nguvu zisizolingana kwa wima na kwa ulalo zitakupa mteremko tofauti ukizizungusha nyuzi 90. Pima pande zote mbili. Lenzi zenye duara nyingi na fokasi zaidi ya moja hugawa mwale vipande, na benchi hili haliziwezi.

Nguvu pia si ubora wote. ISO inataka lenzi ya fokasi moja ihifadhi angalau 0.43 ya utofauti wa mwanga na giza kwenye mistari 100 kwa milimita, na hilo linadai mashine. Kwa jicho la kamera utaona mikwaruzo na ukungu tu: kidoa kilichozungukwa na utando wa mwanga uliotawanyika.

Kipimo kikipingana na boksi

Ikitofautiana kwa dayopta moja au zaidi, geuza lenzi uso wa nyuma uwe mbele, ubandike upya karatasi ya milimita, upime d tena, urudie mfululizo wote. Kisha pima lenzi nyingine ambayo tayari ilikubaliana na boksi lake, ili ujue benchi halijahama. Zikisimama namba zilezile, nakili nguvu, namba ya toleo na namba ya lenzi kutoka kwenye boksi, na siku hiyohiyo uende kwa daktari aliyekupa lenzi, kabla lenzi nyingine za toleo hilo hazijafunguliwa. Mpelekee boksi, lenzi ndani ya kishikizo chake, picha na grafu kwa pamoja, aone mwenyewe ulivyofika kwenye namba yako.